Leo Tu, Kesho Atakwenda

Hotuba ya mwalimu mstaafu katika mkutano wa wazazi na walezi wa skuli ya msingi, Wilaya ya Micheweni, Pemba

Bismillahi Rahmani Rahim.

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu na walimu wenzangu, masheha wa shehia zetu, wajumbe wa Kamati ya Skuli, mama zangu na baba zangu mliokaa kwenye majamvi, na nyinyi wanangu mnaochungulia madirishani na hali mmeambiwa mkacheze: Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nimeombwa nizungumze juu ya mahudhurio ya watoto wetu. Barua ya mwaliko iliandika "utoro", na mimi nimemwomba Mwalimu Mkuu ruhusa ya kuliweka neno hilo pembeni, kwa sababu mtoro ni mtu aliyekimbia, na katika miaka 34 ya kushika chaki nimewaona watoto wachache sana walioikimbia skuli. Wengi nimewaona wakizuiwa na watu wanaowapenda. Anayemzuia ni mama aliyejifungua juzi na hana wa kumfulia. Ni bibi ambaye miguu haimchukui tena na anataka wa kumtekea maji. Ni baba ambaye chombo chake kimeingia alfajiri na hana wa kumshikia tenga. Na maneno yanayotumika ni yale yale karibu katika kila nyumba: "Leo tu, kesho atakwenda." Hayo ndiyo niliyokuja kuyazungumzia, wala sina jengine.

"Leo tu" ingekuwa haina neno lau ingesemwa mara moja. Tatizo lake ni kwamba hapana anayeihesabu. Mzazi anaikumbuka ya leo, na ya Jumanne iliyopita ameshaisahau, kwa sababu ile nayo ilikuwa ni leo tu. Basi tuhesabu pamoja, na wanaotaka kuhesabu kwa vidole wahesabu. Tuchukue mwaka wenye wiki 38 za masomo, siku 5 kila wiki; hizo ni siku 190. Mtoto anayekosa siku moja tu katika wiki, ambaye hapana mzazi wala jirani atakayemwita mtoro, anakosa siku 38 kwa mwaka, yaani wiki saba na ushei. Elimu yetu ya msingi ni miaka sita. Zidisheni mara sita, mtapata siku 228. Mtoto huyo anaingia katika mtihani wa darasa la sita akiwa amesoma miaka mitano kasoro, na mwenzake waliyeandikishwa siku moja amesoma miaka sita, na wote wawili wanawekewa karatasi moja na kupewa saa zile zile. Matokeo yakitoka tunasema huyu ana akili na huyu hana. Bandu bandu huisha gogo, na gogo hili tumelibandua wenyewe, kwa mikono yetu, huku tukimpenda mtoto.

Lakini hesabu ya siku haitoshi, maana siku za skuli si sawa. Iko siku ambayo mtoto akiikosa hapotezi kitu kikubwa, na iko siku moja ambayo akiikosa anapotea mwaka mzima, na mzazi hawezi kujua mapema ipi ni ipi. Niruhusuni nikuonyesheni kwa chaki, maana ni mazoea yangu. Naandika ubaoni 28 kujumlisha 15. Nane na tano ni kumi na tatu. Tunaandika tatu, moja tunaibeba, tunaipeleka kwa mbili na moja, tunapata arubaini na tatu. Kubeba huko hufundishwa kwa siku mbili au tatu, kisha mwalimu anaendelea. Mtoto ambaye siku hizo alikuwa nyumbani akimlea mdogo wake anakuja, anaiona hesabu, anajumlisha nane na tano vizuri kabisa, anaandika kumi na tatu yote, kisha anajumlisha mbili na moja, anaandika tatu mbele yake, na jibu lake linakuwa 313. Nimeliona jibu hilo katika madaftari mengi mno. Si jibu la mtoto mjinga. Kila alichokijumlisha amekijumlisha sawa. Ni jibu la mtoto ambaye hakuwepo. Na mwaka unaofuata, wenziwe wanapofundishwa kuzidisha, ambako pia kunataka kubeba, yeye anakosea tena, na safari hii wala mwalimu mpya hajui kosa limeanzia wapi.

Kusoma ni vivyo hivyo. Darasa la kwanza tunakwenda na silabi, kutoka zile nyepesi mpaka zile zenye konsonanti mbili na tatu, na kila moja inaikalia nyengine kama matofali ya ukuta. Mtoto aliyekosa tofali la chini anajifunza ujanja; anakariri ukurasa wote kwa kuwasikiliza wenziwe, na ukimfungulia kitabu anakusomea bila ya kukosea, lakini mfunikie picha tu, akwama. Ujanja huo unaweza kumfikisha darasa la nne. Tangu Sera ya Elimu ya 2006, ilikusudiwa Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na sote tumeona vile watoto wanavyotaabika pale. Mimi nilikuwa nikiwatazama wanaotaabika zaidi, na mara nyingi waliokuwa hawakiwezi Kiingereza walikuwa hawajakimaliza kusoma Kiswahili.

Wazazi huniuliza, na ni swali zuri: mbona chuoni, kwenye chuo cha Qur'ani, mtoto akikosa siku tatu hapotei? Sisi wenyewe tuliokaa hapa tumekosa chuo siku nyingi, tukarudi, tukaendelea, na leo msahafu tunausoma. Ni kweli. Lakini tazameni chuo kinavyokwenda. Chuoni kila mtoto ana pahala pake. Mmoja yuko Suratul Fiil, aliyekaa ubavuni mwake ameshafika Amma, mwengine bado anahangaika na irabu. Aliyekosa siku tatu akirudi, mwalimu anamwita, anamuuliza umeishia wapi, na somo linaanza pale pale alipoliacha, limemngoja. Skuli haikujengwa hivyo. Skuli watoto arubaini, hamsini, na pahala pengine zaidi ya hapo, wamepanda chombo kimoja, na chombo kikishatweka tanga hakirudi pwani kwa ajili ya mmoja aliyechelewa kwenye mawe. Mimi siisifu skuli kwa hilo. Pengine chuo kina hekima ambayo sisi walimu wa skuli tungejifunza. Nasema tu kwamba mzazi anayeikisia skuli kwa kipimo cha chuo anamdhulumu mtoto bila ya kujua.

Sasa nitakupeni kisa, na kosa lililomo ndani yake ni langu.

Miaka mingi nyuma nilikuwa nikifundisha darasa la pili katika skuli ya kijiji cha pwani, ambayo sitaitaja. Alikuwepo mtoto mmoja wa kike, anakaa safu ya pili, mwandiko wake mzuri, na kabla ya kupiga mstari ana tabia ya kuifuta rula kwa pindo la mtandio wake. Mtoto huyu alikuwa akikosa. Katika daftari la mahudhurio aliyekuja nilikuwa nikimtilia kijiti, na asiyekuja sifuri. Na mstari wake ulikuwa na sifuri nyingi. Nikaandika pembeni: mtoro. Siku moja alirudi baada ya kukosa siku mbili, vidole vyake vimechanika kwa kamba, na mimi sikuvitazama vidole. Nilimuuliza mbele ya darasa zima, "Ulikuwa wapi?" Akanyamaza. Nikamsimamisha karibu na ubao mpaka kengele ya mapumziko, na nikamwambia asikae tena darasani mwangu mpaka aje na mzazi. Nilijiona mwalimu mwenye nidhamu. Kesho yake hakuja. Wiki ya pili hakuja.

Mwisho wa mwezi mwalimu hufunga daftari na kupeleka jumla ofisini. Nilikuwa nimeziweka kurasa za miezi miwili kwa pamoja mezani, nikaziona zile sifuri zake. Zilikuwa zinakwenda mbili mbili. Mbili, kisha vijiti tupu, kisha baada ya siku kumi na nne au kumi na tano mbili tena. Mimi ni mtoto wa mvuvi. Sikupaswa kuambiwa na karatasi kitu ambacho baba yangu alikijua kwa kuutazama mwezi. Lilikuwa ni bamvu.

Wageni wetu wa mjini watanisamehe nikieleza. Bamvu huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na hapo ndipo maji yanapokauka kupita kiasi na mashamba ya mwani yanapofikika kwa miguu. Siku za maji mafu bahari haifunguki vya kutosha. Na katika pwani yetu, Mwenyezi Mungu ameyapanga maji ya bamvu yakauke kiasi cha saa nne au saa tano za asubuhi. Mwani tulianza kuulima kwa biashara mwishoni mwa miaka ya 1980, na umewapa mama zetu fedha zao wenyewe, ambalo si jambo dogo katika visiwa hivi. Lakini saa ya mwani na saa ya skuli ni saa moja. Mama akimtaka mtoto wa kumfungia mbegu kwenye kamba siku mbili tu katika kila bamvu, hizo ni siku nne kwa mwezi, ambayo ndiyo ile siku moja kwa wiki tuliyoihesabu hapa sasa hivi.

Bamvu lililofuata niliteremka pwani. Maji yalikuwa yameshatoka mpaka karibu na mwamba, kina mama wako ndani, maji ya magoti, na yule mtoto amekaa mchangani, rundo la mwani limemwegemea, anafunga mbegu kwa wepesi ambao sijapata kuuona kwa mtoto mwengine, na mdogo wake amelala kwenye kivuli cha kanga iliyotundikwa kwenye vijiti viwili. Mama yake aliponiona alitoka majini, na kabla sijamaliza kumsalimu akaniambia, "Mwalimu, leo tu."

Mtoto alirudi, lakini ilikuwa baada ya wiki kadhaa, na alikaa nyuma kabisa. Hakufika darasa la sita. Amekuwa mtu mzima, ameolewa, na kabla sijastaafu alimleta mwanawe kumwandikisha darasa la kwanza. Nilimpa kalamu atie saini kwenye fomu. Aliitazama ile kalamu, kisha akaniomba wino wa dole gumba.

Mama yake na bahari nimewafikiria miaka yote hii, lakini niliyemfikiria zaidi ni mimi. Siku zile mbili za mwani zilimpunguzia mtoto yule masomo ya siku mbili. Siku aliyorudi, mimi ndiye niliyemkosesha wiki nyingi. Na huko ndiko ninakotaka tufike leo, wazazi na walimu kwa pamoja: siku ngumu kwa mtoto si ile aliyobaki nyumbani, ni ile anayorudi. Anaingia darasani, wenzake wameshafungua ukurasa asioujua, kazi iliyotolewa jana hanayo, na mwalimu anamwuliza swali ambalo jibu lake ni aibu ya nyumbani kwao. Mtoto wa miaka minane hawezi kusema mbele ya watu, "Nyumbani hapakuwa na mtu." Basi kesho yake ikitokea sababu ndogo ya kubaki, mvua, kiatu kimetoboka, kichwa kinauma kidogo, ataikumbatia sababu hiyo. Kukosa kunazaa kukosa kwa njia hiyo, na sisi tukija kushtuka tunamwita mtoro.

Walimu wenzangu, kwa hiyo, nawaombeni tuliache lile swali la "Ulikuwa wapi?" mbele ya darasa. Tuseme, "Tulikukosa, kaa na mwenzako akuonyeshe tulipofika." Kisha wakati wa mapumziko, pembeni, tuulize kwa upole, na tutaambiwa. Bakora haimrudishi aliyekosa; inamfundisha kwamba kurudi kuna maumivu na kukosa hakuna. Na daftari la mahudhurio tulisome kama daktari anavyosoma karatasi ya homa. Sifuri za kila Ijumaa zina maana yake, sifuri za siku za mnada zina maana yake, na sifuri za masika, mabondeni kunapojaa maji na njia kukatika, nazo zina maana ambayo kamati ya skuli inaweza kuifanyia kazi kuliko kumgombeza mtoto.

Nije kwa wazazi. Sisemi mtoto asijue bahari wala shamba. Mtoto wa Pemba asiyejua kuchambua karafuu wala kupiga kasia ni hasara pia, na mimi mwenyewe nimekulia katika kuwinga ndege kwenye mpunga. Ninachokisema ni kwamba kazi iingojee skuli, isiwe skuli inaingojea kazi. Bamvu likiangukia Jumamosi na Jumapili, haya, mtoto na ateremke na mama yake. Likiangukia Jumatatu, vikundi vya mwani vilivyopo katika shehia zetu vinaweza kusaidiana mikono, wiki hii kwako, bamvu lijalo kwangu, kama tunavyofanya tunapolima na tunapozika. Mbegu zinafungika pia jioni, barazani, mtoto akiwa amesharudi na amekula.

Karafuu nitaisema zaidi, kwa sababu tumo ndani ya nchi yake. Sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka kisiwa hiki, na kila mtu hapa, pamoja na mimi, amevaa na kula kwa karafuu. Mikarafuu haizai sawa kila mwaka, na ndiyo maana mwaka wa mavuno makubwa kila mkono unatakiwa, na mzazi anayeona karafuu zikimharibikia juu ya mti ana sababu ya kuhangaika. Lakini mwani na karafuu havimvuti mtoto kwa njia moja. Mwani mtoto humsaidia mama. Karafuu, mtoto huokota mpeta, zile karafuu zilizodondoka chini ya miti, anakwenda kuuza mwenyewe, anatiwa noti mkononi. Mtoto wa darasa la nne aliyeshika fedha yake mwenyewe kwa wiki tatu harudi skuli akiwa yule yule. Anakaa darasani, moyo uko kwa mnunuzi. Na wako watu wazima wanaowanunulia watoto mpeta saa tatu ya asubuhi, siku ya skuli, na sare za skuli wanaziona. Wengine tunakaa nao safu moja msikitini. Ningeomba masheha wetu wazungumze na watu hao kabla ya kuzungumza na wazazi. Na kuhusu kumpandisha mtoto mkarafuu, sitasema mengi. Kila mmoja wetu anamjua aliyeanguka.

Watoto wa kike wana habari yao. Mtoto wa kike haitwi pwani wala shamba tu. Anaitwa na kila shughuli ya nyumba. Mfunguo mosi ukiingia, harusi zinafuatana, na kila harusi ina siku zake za kupika, na kila siku ya kupika ina mtoto wa kike wa darasa la tano anayepeta mchele uani. Mama mchanga analelewa na binti yake. Mgonjwa anauguzwa na binti yake. Tukizijumlisha "leo tu" za kaka na za dada katika nyumba moja, tutaona wenyewe. Na iko sababu nyengine ambayo mama zangu mnaijua na baba zangu mnajifanya hamuijui: binti aliyevunja ungo hawezi kukaa kutwa katika skuli isiyo na maji wala choo chenye mlango unaofungika. Tunapochangia ujenzi, tuanze na choo. Rangi ya ukuta itangoja.

Mkondo wa mchana nao una mtego wake. Mtoto anayeingia skuli adhuhuri huonekana yuko huru asubuhi yote, basi anatumwa huku na huku, na saa ya kuondoka inapofika kazi haijaisha, au imeisha na yeye amechoka, hajala. Skuli za ghorofa zinazojengwa Unguja na Pemba miaka hii zimekusudiwa kuiondoa mikondo miwili, na inshaallah zitatufikia sote. Mpaka hapo, mwenye mtoto wa mchana ampe kazi inayokwisha saa nne, na sufuria ya watoto itangulie kuinjikwa.

Juu ya maradhi, mtoto mwenye homa abaki nyumbani na apelekwe hospitali. Hilo halina mjadala, na mtoto anayeharisha tusimlete akawape wenziwe. Ila nataka mjue jambo moja. Kichocho kimekaa kisiwani kwetu miaka mingi, watoto wanakipata kwenye mito na mabwawa wanakooga, na dawa zake, pamoja na zile za minyoo, zimekuwa zikigawiwa maskulini. Asiyekuwepo siku hiyo anabaki na minyoo yake. Minyoo inamla damu, anapauka, anasinzia, anachoka njiani, na mwezi ujao anakosa zaidi. Basi hata dawa inamtaka mtoto awepo.

Mgeni rasmi atanitazama nisipoigusa sheria. Serikali ya Mapinduzi ilitangaza elimu bila ya malipo tarehe 23 Septemba 1964, mwaka ule ule wa Mapinduzi, na wazee wetu waliofungiwa mlango kwa tabaka na kwa fedha wanaijua thamani ya siku ile kuliko sisi tulioukuta mlango umeshafunguliwa. Tunayo Sheria ya Elimu ya 1982, na tunayo Sheria ya Mtoto ya 2011. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, katika ibara ya 28, haukuishia kusema kwamba mtoto ana haki ya elimu. Uliongeza kwamba nchi zichukue hatua za kuhimiza mahudhurio ya mfululizo na kupunguza kuacha masomo, na Mkataba wa Afrika wa 1990 ukalirudia jambo hilo hilo katika ibara ya 11. Mimi hupenda kuwakumbusha watu maneno hayo, kwa sababu yanaonyesha kwamba hata wakubwa wa dunia walijua kuandikishwa si kusoma. Katika shehia zetu kuandikishwa hatuna shida nako. Januari wazazi wanapanga foleni, watoto wananukia mafuta, viatu vipya. Shida yetu inaanza mwezi wa pili.

Lakini sheria haimwamshi mtoto alfajiri. Sheha akienda na karatasi katika nyumba isiyo na mtu wa kumlea mchanga, atatoka na karatasi yake. Aende na jirani wa kulea. Nimewahi kuona skuli ambayo mwalimu wa darasa hupiga simu siku ile ile, kabla ya saa nne, kwa kila nyumba ambayo mtoto wake hakuja, na hasemi kitu ila, "Hamjambo? Tumemkosa leo, kuna heri?" Hakumpeleka mtu popote, hakumtishia mtu. Ila mzazi alijua kwamba siku imehesabiwa. Makundi ya simu ya wazazi tunayo, na tunayatumia kupelekeana dua na picha za maandazi. Basi yatumike na kwa hili. Na watoto wenyewe wapitiane nyumbani asubuhi, wa njia moja kwa pamoja, maana mtoto akisikia jina lake likiitwa uwanjani na wenzake ni vigumu kumwambia abaki.

Nilimwomba Mwalimu Mkuu jambo, na amenikubalia mbele ya kamati. Jumatatu ijayo mwezi utakuwa mpevu. Bamvu litaanza, na maji yatakuwa yanakauka asubuhi, wakati wa kipindi cha tatu. Siku zote za bamvu hilo mimi nitakuwa langoni kuanzia saa moja, nimekaa kwenye kiti changu cha ukili, na daftari. Watakaokuja nitawatilia kijiti. Asiyekuja, sitamwandikia sifuri wala sitamtuma askari. Nitavua viatu vyangu, nitateremka pwani, na kwa kuwa mikono yangu bado inaweza, nitakaa mchangani nimfungie mama yake mbegu, yeye mtoto aende darasani.

Wabillahi tawfiq. Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.